Wimbo tunaujua, mtungaji je?

Juma lililopita nilikuwa Geita, katika shule moja ya msingi, wakati wa mstarini asubuhi. Watoto walisimama wima wakaimba Wimbo wa Taifa mpaka sisi wageni tukasisimka. Walipokwisha nikawauliza vijana watano wa darasa la saba: ni nani aliyeutunga muziki huu? Mmoja akajibu upesi, "Mwalimu Nyerere." Wenzake wakacheka, lakini hakuna aliyekuwa na jina jingine.

Siwalaumu. Mtungaji mwenyewe nusura asahaulike hata kwao.

Jina lake ni Enoch Sontonga. Alizaliwa Uitenhage, Afrika Kusini, yapata mwaka 1873. Alisomea ualimu Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg. Ndugu zetu wa Geita na Kahama hawahitaji kuelezwa sana Johannesburg ya siku zile ilikuwaje. Dhahabu iligunduliwa huko mwaka 1886, na kwa miaka michache tu pori likageuka mji. Wanaume walitoka mbali, wakaacha wake na mashamba, wakaingia mashimoni. Katika mji wa namna hiyo Sontonga alikuwa mwalimu, mpiga picha na kiongozi wa kwaya.

Mwaka 1897, akiwa kijana wa miaka kama 24, alitunga ubeti mmoja na kiitikio kwa Kixhosa, akauita Nkosi Sikelel' iAfrika. Aliuandika kwa noti za do, re, mi, hizo hizo zinazotumiwa na wanakwaya wetu wa Shinyanga. Noti hizo ni herufi tupu. Mwenye daftari na kalamu anaweza kuandika sauti zote nne, na kwaya ya kijiji cha mbali ikaimba bila ya kumwona mtungaji hata siku moja.

Na ndivyo wimbo ulivyosafiri. Uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1899. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa Bloemfontein, katika mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliurekodi katika sahani ya santuri mjini London. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi akauongezea beti saba. Tanganyika ilipopata uhuru, Desemba 1961, muziki ule ule ulikuwa wimbo wetu wa taifa, kwa maneno ya Kiswahili.

Sontonga hakuyaona hayo. Alifariki tarehe 18 Aprili 1905, akiwa hajafikisha miaka 35. Nyimbo zake alikuwa ameziandika katika daftari. Baada ya kifo chake watu wakaliazima daftari hilo, likapotea. Inasimuliwa kwamba mjane wake, Diana, aliuza haki ya wimbo huo kwa peni sita. Wazee wetu wangesema: kwa sumni moja! Hata kaburi halikujulikana kwa miaka mingi. Waliolitafuta walitafuta jina la Sontonga, kumbe katika kitabu cha makaburi ya Braamfontein aliandikwa "Enoch" basi. Mwaka 1996 ndipo Rais Mandela alipozindua mnara wa kumbukumbu mahali hapo.

Ndugu wasikilizaji, nayasema haya kwa sababu ya vijana wetu. Usukumani tuna watungaji hodari. Kila baada ya mavuno Bagika na Bagalu hushindana, na nyimbo mpya huzaliwa uwanjani. Makanisani kwaya hutunga kila mwezi. Lakini ukiuliza wimbo huu ni wa nani, utaambiwa, "Ni wa kwaya," au, "Tuliukuta." Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu hawezi kuacha kiroba chake cha mawe barabarani kila mpita njia ajichotee. Mbona wimbo tunauacha?

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtungaji maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake warithi wake wanaendelea kulindwa. Lakini sheria itamlindaje mtu asiyejulikana? Kijana, ukitunga wimbo uandike. Andika jina lako kamili, andika na tarehe. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine umpe mtu unayemwamini. Daftari halisi usiliazimishe. Mwenye haja akae hapo hapo anakili.

Nanyi walimu, siku moja katika juma, kabla watoto hawajaimba mstarini, watajieni jina la Enoch Sontonga. Mwalimu mwenzenu huyo alitupa wimbo wa taifa, na familia yake ikabaki na sumni.