Difyuza ya Flashi: Mbona Uso wa Kogo Bado Unawaka Kwa Picha za Koito?

Kama umewahi kuitwa upige picha za koito pande za Chebunyo, hii stori unaijua. Kogo amepakwa siagi usoni, amevishwa sinendet, anatabasamu vile hajatabasamu mwaka mzima. Unampiga flashi. Ukicheki skrini, paji la uso limewaka nyeupe kama mabati mpya, na nyuma yake kwa ukuta kuna kivuli kimekatwa kama kwa makasi. Na manze, huwezi kuwaambia wazee warudie baraka ndio upate picha ingine.

Hapo ndio wasee hukimbia kununua difyuza. Difyuza ni kitu cheupe kinachosimama mbele ya flashi na kutawanya mwanga usitoke umenyooka: kofia ya plastiki, kitambaa, mwavuli, softiboksi. Kazi yake ni kulainisha, yaani kutoka kwa mwanga kuingia kwa kivuli kuwe polepole, kusiwe na mstari.

Lakini kuna kitu muuzaji huwa hasemi. Plastiki peke yake hailainishi chochote. Kinacholainisha ni ukubwa wa taa vile inaonekana ukiwa pale anayepigwa picha amesimama. Chukua jua. Upana wake ni kama dunia mara 109, lakini liko kilomita milioni 150 hivi kutoka hapa, so angani linabaki kidoti, na vivuli vya saa sita mchana vinakuwa vikali. Wingu likilifunika, anga yote inageuka taa na vivuli vinapotea. Hiyo ndio difyuza ya bure.

Sasa rudi kwa flashi ya juu ya kamera. Uso wake ni kama sentimita 7 kwa 4. Ivishe kofia ya plastiki, labda utaongeza sentimita mbili tatu. Kogo akiwa mita 3 mbele yako bado anaona kidoti.

Basi mbona zinauzwa? Kwa sababu ndani ya ukumbi zinafanya kazi kweli. Kofia inarusha mwanga kila upande, unagonga siling nyeupe na kuta, halafu unarudi kwa sura ukitoka sehemu pana. Ukuta ndio unalainisha, kofia ni dereva tu. Hata ile Lightsphere ya Gary Fong, mpiga picha wa harusi wa Marekani, inategemea hiyo hesabu.

Chebunyo nayo ni rada tofauti. Iko Chepalungu, Bomet, upande mkavu kuliko kule Konoin na Kericho kwenye majani chai, na sherehe nyingi zinafanyika nje kwa boma. Anga hairudishi mwanga wako. Unaurusha juu, unaenda zake. Kofia inaweza kula stopu 1 hadi 2, yaani nusu hadi robo tatu ya mwanga. Flashi yenye namba 40 kwa ISO 100 inafika mita 5 ukiwa f/8. Toa stopu 2, inafika mita 2.5. Unapandisha nguvu, betri zinakufa kabla ya keki, na kivuli kiko palepale. Ukiingia kwa nyumba isiyo na siling, mabati yanarudisha mwanga mapande mapande, na ukuta wa udongo unampaka kila mtu rangi ya kahawia.

So kabla ya kutoa doo yoyote, cheki tenti. Kama paa lake ni jeupe, hiyo ni softiboksi kubwa kuliko yoyote utawahi kununua. Vua kofia, elekeza kichwa cha flashi juu na mbele kidogo, panda ISO 800, piga. Lakini kama kuna vitambaa vya bluu ama zambarau juu, tafuta sehemu nyeupe, la sivyo familia nzima itatoka kama imekunywa wino.

Nje ya tenti, toa flashi kwa kamera. Triga ya redio, stendi na mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga, wa upana wa mita 1 hivi. Weka kando, juu kidogo ya kichwa, mita 1.5 kutoka kwa sura. Usiogope kuwa karibu. Ukirudisha mwavuli mita 3, mwanga unabaki robo na unakuwa mkali tena, kwa sababu mwavuli umeonekana mdogo. Upepo wa uwanjani ni noma, so ning'iniza mtungi wa maji wa lita 5 kwa stendi, ama mpe kijana mmoja ashike.

Na ile siagi? Usimwambie kogo ajipanguse, hiyo ni baraka. Ngozi yenye mafuta ni kama kioo, inaonyesha taa yenyewe. Taa ndogo inaacha alama ndogo iliyoungua; taa kubwa inaacha mng'ao mpana wenye rangi ya ngozi bado ndani yake. Ngozi nyeusi hasa hupendeza hivyo, mng'ao ndio unachora mashavu. Mngao ukizidi, sogeza mwavuli kando zaidi kabla ya kugusa nguvu.

Chunga pia flashi ya kujipima yenyewe. Ikiona kundi la wazee wenye suti nyeusi inafikiri kuna giza, inaongeza nguvu, na nyuso zinaungua. Punguza stopu 1. Gauni jeupe likijaza picha inafanya kinyume, so ongeza.

Saa sita, jua liko karibu utosini, Bomet iko chini kidogo tu ya ikweta, na macho yote yanakuwa mashimo. Hamisha watu kwa kivuli cha mti kwanza. Kama haiwezekani, flashi ijaze tu, stopu 1 chini, na shata isipite 1/200, kamera nyingi zikizidi hapo ama 1/250 zinaacha ukanda mweusi kwa picha.

Unatumia simu? Kufunika flashi yake na tishu kunapunguza mwanga tu, kidoti kinabaki kidoti. Zima hiyo flashi. Mwambie beshte awashe tochi ya simu yake nyuma ya leso nyeupe iliyonyooshwa na watu wawili, tochi iwe nusu mita nyuma ya kitambaa ndio kijae mwanga, na leso iwe karibu na sura mpaka ukingo wake uanze kuingia kwa picha. Hapo rudisha kidogo, piga.