Uzi wa Tarakimu

Uzi uliokazwa baina ya ncha mbili ni kitu duni kwa macho, lakini wenye hesabu wameugombania kwa muda mrefu. Mersenne, Mfaransa, alieleza mwaka 1636 jinsi sauti ya uzi ifuatavyo urefu, mkazo na uzito wake. Mwaka 1747 Mfaransa mwenziwe, Jean d'Alembert, alikwenda mbali zaidi. Alionyesha kwamba mtetemo wa uzi, uwe wa namna yoyote, ni jumla ya mawimbi mawili, moja likienda kulia na la pili kushoto. Kila moja lifikapo nchani hupinduka na kurudi. Euler na Daniel Bernoulli waliingia katika ubishi, na ubishi ukadumu miaka. Lakini fomula yenyewe ilikuwa bubu: ilieleza mlio, haikuutoa. Makala haya yahusu jinsi ilivyopata kusikika, na jinsi ilivyofikiwa tena na watu ambao hawakuwa wakiitafuta.

Max Mathews aliifanya kompyuta itoe muziki katika maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1957. Tangu hapo njia ya kawaida ilikuwa kuiga matokeo: mlio hupimwa, hugawanywa katika sauti ndogo ndogo, kisha sauti hizo hujumlishwa upya. Mwaka 1971 Lejaren Hiller na Pierre Ruiz waliiacha njia hiyo. Waliiga kitu chenyewe badala ya mlio wake. Waliitia fomula ya uzi katika kompyuta, wakaiamuru iitatue hatua kwa hatua. Fikira ilikuwa sahihi, ila ilikuwa ghali, kwa maana mashine za siku zile zilihitaji muda mrefu mno ili kutoa sekunde chache za sauti.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Alexander Strong alikuwa na haja nyingine kabisa. Alitaka sauti nzuri kwa mashine ndogo, ambazo kuzidisha kwake kulikuwa kwa polepole. Desturi ilikuwa kuhifadhi wimbi moja katika jedwali la tarakimu na kulisoma tena na tena. Sauti yake ilikuwa mfu, kwa kuwa haikubadilika. Strong aliongeza jambo moja tu: kila tarakimu isomwapo, mahali pake pawekwe wastani wa tarakimu hiyo na jirani yake. Jedwali lilijazwa kwanza tarakimu za kubahatisha. Fujo hiyo husikika kama mkwaruzo wa kidole. Kisha sauti za juu hufifia mapema, za chini hubaki, nalo sikio husema bila kusita: hili ni gita. Wastani hupatikana kwa kujumlisha na kugawa kwa mbili, na katika hesabu ya kompyuta kugawa kwa mbili ni kusogeza tarakimu nafasi moja tu. Hapakuwa na kuzidisha hata kidogo. Kevin Karplus ndiye aliyefanya uchambuzi wa kwanza wa kanuni hiyo, nao wakaiita Digitar.

Maelezo yao yalitoka mwaka 1983 katika jarida la Computer Music Journal. Toleo hilo hilo lilikuwa na makala ya David Jaffe, mtunzi wa muziki, na Julius Smith, ambao waliieleza kanuni hiyo kwa jicho la elimu ya mitetemo. Urefu wa jedwali ni muda wa wimbi kwenda na kurudi katika uzi. Wastani ni kile kipoteacho kila safari, katika hewa, katika daraja la chombo na katika uzi wenyewe. Yaani ni d'Alembert yule yule, aliyeingia kwa mlango wa uani! Wako watakaosema ni bahati. Mimi sioni kuwa ni bahati tupu, kwa kuwa uzi wenyewe hauna hesabu nyingi: hupitisha wimbi na hulipunguza. Aliyelazimishwa kubana matumizi hakuwa na mengi ya kuchagua.

Kasoro zilikuwapo. Jedwali haliwezi kuwa na tarakimu nusu. Kwa vipimo 44,100 kila sekunde, jedwali la tarakimu 50 hutoa mitetemo 873 hivi kwa sekunde, na la 49 hutoa 891. Anayetaka 880 hana pa kusimama. Jaffe na Smith waliongeza kichujio kidogo cha kuchelewesha wimbi kwa sehemu ya hatua moja. Dai hilo lilikuwa la sikio kwanza, kwani Jaffe alikuwa na kazi ya kutunga. Silicon Valley Breakdown, utungo wake wa nyuzi za kompyuta, ni wa mwaka 1982. Baadaye Smith aliikuza njia hiyo hata ikafaa mabomba na filimbi, na mwaka 1994 kampuni ya Yamaha ikauza kinanda cha VL1 kwa misingi hiyo.

Gita ndilo lililokuwa kipimo cha mwanzo. Katika mwaka 2001 watafiti wa Helsinki walikigeukia chombo ambacho mpenzi wa taarabu hahitaji kuelezwa, yaani udi. Shingo yake haina vigawanyo, kwa hiyo kidole huteleza na urefu wa uzi hubadilika huku ukilia. Basi jedwali nalo sharti lirefuke au lifupike wakati wimbi limo ndani yake. Tena nyuzi zake nyingi hufungwa mbili mbili kwa sauti moja. Majedwali mawili yaliyo sawa kabisa hayatoshi, maana sikio husikia uzi mmoja tu. Sharti moja lichelewe kidogo kuliko mwenziwe.