Vitambulisho vya watoto wadogo katika safari za ndege za ndani

Hizi ni nyaraka ambazo mzazi au mlezi huombwa kuzionyesha anapopanda ndege na mtoto bila kuvuka mpaka wa nchi. Katika nchi nyingi dola humbana mkubwa na kumwacha mdogo apite. Anayedai karatasi ya mtoto ni shirika la ndege, na mara nyingi haliulizi mtoto ni nani. Linauliza ana umri gani.

Umri na nauli

Kwa desturi ya mashirika ya ndege, abiria ambaye hajatimiza miaka 2 ni mtoto mchanga. Hana kiti, hupakatwa na mtu mzima, na hulipiwa sehemu ndogo ya nauli au halipiwi kabisa. Wa miaka 2 hadi 11 ana kiti chake, mara nyingi kwa punguzo. Akifika 12 hulipa kama mkubwa. Mtu mzima mmoja hapakati watoto wawili, kwa hiyo mama wa pacha anayesafiri peke yake hukata angalau kiti kimoja cha ziada.

Mabishano mengi ya kaunta huzuka kwenye mpaka wa miaka 2. Mtoto wa miezi 20 aliyenenepa na wa miezi 26 mwembamba hawatofautishiki kwa macho, na mzazi anayetetea nauli yake si shahidi wa kutegemewa. Cheti cha kuzaliwa humaliza ubishi huo kwa mstari mmoja wa tarehe. Mtoto anayetimiza miaka 2 katikati ya likizo huenda akipakatwa na kurudi na tiketi yake mwenyewe, jambo ambalo wazazi wengi huligundua siku ya kurudi.

Marekani

Hapa kanuni zimeandikwa kwa kirefu. Mamlaka ya Usalama wa Usafiri, TSA, iliyoundwa mwaka 2001 baada ya mashambulizi ya Septemba 11, haimdai kitambulisho abiria wa chini ya miaka 18 anayesafiri ndani ya nchi. Msimamo huo haukubadilika hata sheria ya REAL ID, inayoweka viwango vya leseni na vitambulisho, ilipoanza kutekelezwa viwanja vya ndege tarehe 7 Mei 2025. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 2005, ikaahirishwa mara kadhaa hadi watu wakaanza kuizoea kama tishio lisilotimia. Ilipotimia, iliwagusa wenye miaka 18 na zaidi: leseni ya udereva isiyokidhi viwango vipya haitoshi tena, na mwenyewe hutafuta pasipoti au hati nyingine inayokubalika. Miongoni mwa hizo ni kadi ya ukaazi wa kudumu na kibali cha kazi cha idara ya uhamiaji, taarifa muhimu kwa familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia huko, zikiwemo za wakimbizi kutoka Kongo. Mtoto wao mdogo hupita bila kadi yoyote.

Mtoto hayuko nje ya mfumo, hata hivyo. Jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa hutajwa wakati wa kukata tiketi, na shirika lina haki ya kutaka uthibitisho. Southwest, kwa mfano, hutaka hati ya serikali inayoonyesha umri wa mtoto anayepakatwa, na wazazi wazoefu wa shirika hilo hubeba nakala ya cheti kwenye mkoba wa nepi. Kwa mtoto wa siku chache tu, baadhi ya mashirika hutaka barua ya daktari.

Mpaka wa miaka 2 umo pia katika kanuni za usalama za shirikisho, zinazoruhusu mtoto wa chini ya umri huo kupakatwa badala ya kufungwa mkanda kwenye kiti. Ruhusa hiyo ilitiwa doa tarehe 19 Julai 1989, ndege ya United nambari 232 kutoka Denver kwenda Chicago ilipoanguka ikijaribu kutua Sioux City, Iowa. Ilikuwa na watu 296. Zaidi ya 180 walinusurika. Kwa mwongozo wa wakati ule, mhudumu mkuu Jan Brown aliwaelekeza wazazi wawalaze watoto wa kupakatwa sakafuni na kuwashikilia. Mmoja wa watoto hao alikufa. Brown aliendelea kwa miaka mingi kudai kila mtoto awe na kiti, na bodi ya uchunguzi wa ajali, NTSB, ikapendekeza hivyo hivyo. Mamlaka ya anga, FAA, ilikataa kuifanya sheria. Hoja yake ni kwamba familia zisizomudu kiti cha ziada zitasafiri kwa gari, na barabarani hufa wengi zaidi. Ni hoja ya mahesabu, ngumu kuimeza lakini ngumu pia kuipinga. FAA yenyewe huwahimiza wazazi wanunue kiti na kumfunga mtoto humo.

Anayesafiri bila mzazi ni habari nyingine: anayemkabidhi mtoto na anayempokea ndio huonyesha vitambulisho.

Tanzania

Kitambulisho cha taifa cha NIDA hutolewa kuanzia miaka 18, kwa hiyo mtoto hutegemea cheti cha kuzaliwa au pasipoti. Cheti Tanzania Bara hutolewa na RITA, wakala wa usajili. Zanzibar ina wakala wake. Njia ya kukipata huanza na tangazo la kizazi, karatasi ya kituo cha afya ambayo familia nyingi huiweka kabatini na kuisahau. Mpango wa kusajili walio chini ya miaka 5, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, ulisogeza huduma hadi vituo vya afya na ofisi za kata, bila malipo. Kadi ya kliniki ina tarehe ya kuzaliwa pia, lakini si cheti, na anayeitegemea kupanda ndege hutegemea moyo wa aliyeko kaunta.

Kenya

Kitambulisho cha taifa huanzia miaka 18 pia, kwa hiyo hapa nako mtoto hutegemea cheti cha kuzaliwa. Vyeti hivyo vilitafutwa kwa wingi baada ya usajili wa wanafunzi kwa mtandao wa NEMIS kuvihitaji.

Nchi nyingine

Kanada hukagua kitambulisho langoni kwa abiria anayeonekana kuwa na miaka 18 au zaidi.

Safari za nje

Nafuu hizi zote huisha mpakani. Mtoto anayetoka Dar es Salaam kwenda Dubai, hata awe wa wiki tatu, huhitaji pasipoti yake mwenyewe, na kuipata huanza na kile kile cheti cha kuzaliwa.