Askari wa Barghash: jeshi la Unguja, 1877–1896

Agosti 2027 itatimia miaka 150 tangu Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, ampe Luteni Lloyd Mathews, afisa kijana wa manowari ya Uingereza iitwayo London iliyowinda majahazi ya watumwa, kazi ya kuunda jeshi jipya la askari wa miguu. Husimuliwa mara nyingi kwamba siri ya jeshi hilo ilikuwa silaha: Uingereza ilitoa bunduki 500 za Snider, nguvu ikafuata. Mimi naona masimulizi hayo yanaanzia mwisho. Bunduki ilikuwa imezoeleka pwani muda mrefu kabla ya hapo. Mabaluchi, askari wa kukodiwa, walilinda Ngome ya Yesu tangu Sayyid Said alipoitwaa Mombasa mwaka 1837, na wenzao waliokuwa na bunduki za utambi walimsindikiza mvumbuzi Richard Burton bara mwaka 1857. Kilichokosekana ni jeshi lenyewe. Mbaluchi alimtii jemadari wake kwanza, na Sayyid baadaye, ikiwa jemadari ataafiki. Barghash alipowapeleka askari wake Unyanyembe kupambana na Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi, walirudi bila ushindi, ilhali wengi wa rugaruga, wapiganaji wa Mirambo, walishika magobori tu.

Mathews alianza na kwata. Aliandikisha zaidi Waafrika, akawavika kofia nyekundu, akawazoesha kusimama safu, kupakia na kufyatua kwa amri moja, na mshahara wao ukatoka hazina ya Sayyid. Kufikia 1880 walikuwa wapatao 1,300. Atakayepinga atasema Snider hupakiwa nyuma ya mtutu, kwa hiyo mtu mmoja hupiga risasi kadhaa huku mwenye gobori akiwa bado anashindilia baruti. Ni kweli, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini tuitazame Japani, ambako swali hili liliulizwa mapema zaidi. Wareno walifikisha bunduki za utambi Tanegashima mwaka 1543, na mafundi wa huko hawakukawia kuziiga. Hata hivyo ni mwaka 1575, pale Nagashino, ambapo askari wa miguu wa Oda Nobunaga, wengi wao watu wa tabaka la chini walioitwa ashigaru, waliwavunja wapanda farasi wa Takeda Katsuyori wakiwa nyuma ya maboma ya miti. Idadi ya bunduki zao, 3,000 kama inavyotajwa sana, ina wabishi wake, na namna walivyopokezana kufyatua ina wabishi zaidi. Lisilobishaniwa ni kwamba silaha ilikuwa ileile ya utambi, polepole na yenye kuogopa mvua. Kilichoongezeka katika miaka 32 ni watu waliopangwa, waliolishwa na waliosimamiwa ili waitumie pamoja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: jeshi hili lilikuwa la Waingereza, Barghash akiwa mlipaji tu. Kwa miaka ya kwanza sikubali. Barghash alitaka nguvu isiyopitia kwa majemadari, na Mathews aliyeiunda alikuwa akimtumikia yeye. Mambo yaligeuka baada ya Barghash kufariki mwaka 1888. Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890; mwaka uliofuata Mathews akawa Waziri Mkuu, Sultani akapangiwa posho, na hazina iliyowalipa askari ikatoka mikononi mwa kasri. Hapo jeshi halikuhitaji kuasi ili kubadilisha bwana. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani bila ridhaa ya Waingereza, alipojifungia kasrini na watu wapatao 2,800, askari wa Unguja wapatao 900 walisimama upande wa Waingereza, chini ya Mathews na Raikes, afisa mwenzake Mwingereza, huku manowari zikilipiga kasri kwa muda usiofika saa moja. Khalid, mwana wa mwasisi wa jeshi hilo, alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na Hamoud bin Mohammed akatawazwa siku hiyohiyo.