Presha sugu kwa wazee: Mishipa ya fahamu nayo ina mkono wake

WAPO wazee wanaomeza aina tatu za dawa za shinikizo la damu kila siku, mojawapo ikiwa ya kuongeza mkojo, na bado kipimo hakishuki chini ya 140 kwa 90. Hali hiyo huitwa presha sugu. Lawama huangukia chumvi, unene au uzembe wa kumeza dawa. Mishipa ya fahamu, yaani neva, ambayo ndiyo huiongoza presha dakika kwa dakika, hutajwa kwa nadra.

Katika kuta za mishipa ya shingo inayopeleka damu kichwani, na katika upinde wa mshipa mkuu utokao moyoni, mna ncha za neva zinazohisi kutanuka kwa kuta hizo. Presha ikipanda, ncha hizo huarifu shina la ubongo, nalo huagiza moyo upunguze mwendo na mishipa ilegee. Mtu akisimama na damu ikateremkia miguuni, amri hugeuka: moyo huenda kasi, mishipa hubana. Yote hayo huchukua sekunde chache.

Uzee hukakamaza kuta hizo, na ukuta usiotanuka hutuma taarifa hafifu. Wakati huohuo neva za tahadhari, zile zinazomwandaa mtu kukimbia au kupambana, huzidisha kazi kadiri umri unavyosonga. Kwenye figo, neva hizo huzuia chumvi isitoke, hubana mishipa na kuchochea kemikali ya renini, na kila moja ya hayo hupandisha presha.

Matokeo yake yanawashangaza wengi. Mzee huyohuyo mwenye presha ya juu akiwa ameketi anaweza kuporomokewa nayo akisimama. Kipimo cha juu kikishuka kwa 20 au zaidi, au cha chini kwa 10, ndani ya dakika tatu za kusimama, hilo ni tatizo. Kizunguzungu humwangusha, nyonga ikavunjika. Mwingine huacha dawa kimyakimya na kujiweka katika hatari ya kiharusi. Kumpima mzee akiwa amesimama hakuhitaji kifaa kipya, lakini mara nyingi hupimwa ameketi tu, foleni ikasogea.

Wazo la kuzituliza neva hizo si geni. Katika miaka ya 1930 na 1940, kabla ya dawa nzuri kupatikana, madaktari wa upasuaji Marekani walizikata. Presha ilishuka, ila wagonjwa wengi walizimia wakisimama. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya kwanza ya kuunguza neva za figo kwa mrija unaopitishwa ndani ya mshipa wa damu. Jaribio kubwa la mwaka 2014 halikuonyesha faida ya maana kulinganisha na tiba ya kuigiza, lakini baada ya majaribio mapya Marekani iliidhinisha vifaa viwili Novemba 2023. Nafuu yake kwa wastani ni milimita chache za zebaki, na wengi huendelea na dawa.

Yapo ya gharama nafuu ya kutazamwa kwanza. Kukoroma kunakokatisha pumzi usingizini huamsha neva za tahadhari usiku kucha. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wazee hujinunulia kwa maumivu ya magoti, hudhoofisha kazi ya dawa za presha. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2015 ulionyesha kuwa spironolaktoni ikiongezwa kama dawa ya nne hushusha presha sugu kuliko bisoprololi au doksazosini, ingawa hulazimu damu kupimwa potasiamu, hasa kwa mwenye figo dhaifu.