Mafunzo ya usalama kwa wafanyakazi wa mafuta na gesi: Kutoka visima vya Lokichar hadi pampu ya Lwakhakha

MJI mdogo wa Lwakhakha, katika eneobunge la Sirisia, Kaunti ya Bungoma, hauna kisima cha mafuta wala kiwanda cha gesi. Una mto unaoteremka kutoka Mlima Elgon na kuitenga Kenya na Uganda, una kituo cha forodha, una soko, na una barabara inayoelekea Mbale upande wa pili. Hata hivyo, mafuta yapo. Yapo katika tangi lililo chini ya ardhi kituoni, katika lori linaloyaleta, katika mitungi ya gesi iliyopangwa mbele ya duka, na katika jerikani iliyofungwa nyuma ya bodaboda.

Wote wanaogusa mafuta hayo kwa ajili ya riziki ni wafanyakazi wa sekta ya mafuta na gesi, ingawa wengi wao hawajiiti hivyo. Mafunzo ya usalama na afya kazini yanapotajwa, watu hufikiria wachimbaji waliovaa kofia ngumu kule Turkana. Makala haya yanaeleza mafunzo hayo ni yapi, sheria ya Kenya inadai nini, na kwa nini aliye mwisho wa safari ya mafuta ndiye anayeyahitaji zaidi.

Safari ya mafuta

Mafuta yanayotumika magharibi mwa Kenya huingia nchini kupitia bandari ya Mombasa. Bomba la kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mnamo 1978, na mnamo 1994 likarefushwa hadi Eldoret na Kisumu. Kutoka ghala za miji hiyo miwili, malori huyasambaza hadi Kitale na Bungoma, na mengine huvuka Malaba na Busia kuelekea Uganda na nchi za mbali zaidi.

Kitale umewahi kupitiwa na mafuta yaliyotoka upande mwingine. Baada ya Rais Mwai Kibaki kutangaza mnamo Machi 26, 2012 kwamba mafuta yamegunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, Turkana, mpango wa majaribio ulianzishwa mnamo Juni 2018 wa kuyasafirisha mafuta ghafi kwa malori kutoka Lokichar hadi Mombasa. Mafuta hayo yana nta nyingi na huganda yakipoa, hivyo yalibebwa yakiwa moto katika matangi maalumu. Shehena ya kwanza ya mapipa 200,000 iliuzwa nje mnamo Agosti 2019, na usafirishaji huo ukasimama mwaka uliofuata.

Katika kila hatua kuna mtu aliyefunzwa au asiyefunzwa. Kwa kawaida, kampuni kubwa za uchimbaji na mabomba hazimruhusu mgeni hata kuingia langoni kabla ya kuelezwa kanuni za usalama. Kadiri mafuta yanavyosogea kuelekea mteja wa mwisho ndivyo mafunzo yanavyopungua. Mhudumu wa pampu anaweza kuajiriwa asubuhi na kukabidhiwa mpira wa petroli kabla ya adhuhuri.

Ajali zilizotupa somo

Wakenya wana msemo kwamba ajali haina kinga. Kumbukumbu za sekta hii zinaonyesha kuwa msemo huo haufai kuletwa karibu na petroli.

Mnamo Januari 31, 2009, lori la petroli lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo. Wananchi walikimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mnamo Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja kutoka bomba katika eneo la viwanda jijini Nairobi ilitiririka kwenye mtaro hadi mtaa wa Sinai. Hapo pia watu wapatao 100 waliangamia. Mnamo Desemba 2016, lori lililobeba shehena ya kuwaka lililipuka Karai, Naivasha, na kuua watu wapatao 40. Mnamo Julai 2021, lori lilipinduka Malanga, Kaunti ya Siaya, katika barabara ya Kisumu kuelekea Busia. Watu 13 walifariki wengi wao wakichota mafuta.

Majirani nao wameonja uchungu huo. Huko Sange, mashariki mwa Kongo, zaidi ya watu 200 waliteketea mnamo Julai 2, 2010. Huko Morogoro, Tanzania, zaidi ya 100 walikufa kutokana na moto wa Agosti 10, 2019. Mnamo Februari 1, 2024, lori lililosheheni gesi lililipuka usiku mtaani Mradi, Embakasi, Nairobi, na kuua na kujeruhi watu. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo.

Ukizichunguza ajali hizi, utaona jambo moja. Kati ya mafuta kumwagika na moto kuwaka, mara nyingi huwa kuna muda. Dereva na utingo waliofunzwa huutumia muda huo kuzima injini, kuwafukuza watu, kuzuia magari mbali na kupiga simu. Wasiofunzwa hukimbia au, vibaya zaidi, hutazama tu.

Sheria yasemaje

Msingi wa yote ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayosimamiwa na Idara ya Usalama na Afya Kazini (DOSHS). Sheria hiyo inamtaka kila mwajiri kuwapa wafanyakazi wake habari, maelekezo, mafunzo na usimamizi unaohitajika ili wawe salama. Haichagui ukubwa wa kampuni. Kituo chenye pampu mbili kimo ndani ya sheria hiyo sawasawa na mtambo wa kuchimbia mafuta.

Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, ni lazima pawe na kamati ya usalama na afya. Mwajiri anatakiwa kutoa mavazi na vifaa vya kujikinga. Mfanyakazi anayeona hatari ya karibu ana wajibu wa kuiripoti kwa msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali hapo hatari ikiwa bado ipo. Aidha, mwajiri haruhusiwi kumwadhibu mfanyakazi kwa kulalamikia usalama wake.

Kanuni za kupunguza hatari ya moto, zilizotolewa pia 2007, zinadai mazoezi ya kukabiliana na moto yafanywe angalau mara moja kila miezi 12. Nayo Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka uo huo inamlazimu mwajiri kuwakatia wafanyakazi bima. Kifo kazini hutakiwa kuripotiwa kwa idara katika muda wa saa 24.

Juu ya hayo kuna Sheria ya Petroli ya 2019, inayoipa EPRA mamlaka ya kutoa leseni za kuuza, kuhifadhi na kusafirisha mafuta na gesi. Dereva wa lori la mafuta huhitaji idhini maalumu mbali na leseni yake ya kawaida ya udereva.

Mambo makuu yanayofundishwa

Somo la kwanza ni tabia ya mafuta yenyewe. Kinachowaka si petroli iliyo katika hali ya maji, bali mvuke wake. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri, kwa hivyo hakuna asubuhi ya Mlima Elgon iliyo baridi kiasi cha kuifanya salama. Mvuke huo ni mzito mara tatu au nne kuliko hewa. Hutambaa chini, huingia mitaroni, na unaweza kukutana na jiko la muuza mahindi lililo mbali na pampu. Dizeli huhitaji joto zaidi ya nyuzi 50 ili kutoa mvuke wa kutosha kuwaka, na ndiyo sababu aliyezoea dizeli hudanganyika anapokutana na petroli.

Somo la pili ni cheche. Mafuta yanapopita kwa kasi katika mpira au bomba huzalisha umeme wa msuguano, ule ule unaotoa cheche ndogo mtu anapovua sweta. Ndiyo maana lori huunganishwa na waya wa kupeleka umeme ardhini kabla ya kushusha mafuta. Kwa sababu iyo hiyo, chombo hujazwa kikiwa kimewekwa chini, wala si kikiwa juu ya pikipiki au mkononi mwa mteja.

Somo la tatu ni kibali cha kazi. Hii ni karatasi inayoeleza ni kazi gani ya hatari inafanywa, wapi, na nani, na ni kitu gani kimezimwa ili ifanyike. Umuhimu wake ulionekana Julai 6, 1988, katika mtambo wa Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Scotland. Mafundi walikuwa wameondoa vali ya usalama ya pampu moja ili kuikagua. Wa zamu ya usiku hawakuwa na habari hiyo, wakaiwasha pampu, gesi ikavuja na kulipuka. Watu 167 walikufa. Karatasi ilikuwapo, lakini makabidhiano ya zamu yalikuwa na pengo. Kituo cha Lwakhakha nacho kina zamu. Mhudumu wa usiku anayeondoka bila kumwambia mwenzake kwamba mpira wa pampu ya pili unavuja amefanya kosa la aina iyo hiyo.

Somo la nne ni matangi na mashimo. Tangi lililokaushwa mafuta bado lina mvuke, na huenda halina hewa ya kutosha kwa binadamu. Anayeingia kulisafisha bila hewa kupimwa anaweza kuanguka katika muda mfupi sana, na mwenzake anayejitosa kumwokoa akaanguka juu yake. Kanuni ni kwamba hakuna anayeingia bila hewa kupimwa, bila kamba na bila mtu wa kusimama juu. Kwenye visima vya mafuta huongezeka hatari ya gesi ya haidrojeni salfaidi, inayonuka kama yai viza. Ikizidi, huua uwezo wa pua kunusa, mtu akadhani imekwisha ilhali imeongezeka.

Somo la tano linahusu gesi ya kupikia. Ni nzito kuliko hewa na haina harufu ya asili. Harufu kali tunayoijua hutiwa makusudi ili ituonye. Mitungi huhifadhiwa ikiwa imesimama, mahali penye hewa, mbali na moto. Kuhamisha gesi kutoka mtungi mkubwa hadi mdogo nyuma ya duka ni hatari, na kuijaza mitungi bila idhini ni kosa kisheria.

Somo la sita ni afya, ambalo husahaulika kwa sababu madhara yake huja polepole. Petroli ina benzini, kemikali iliyothibitishwa kusababisha saratani ya damu. Kunawa mikono kwa petroli, kuvuta mvuke wake kutwa na kwenda nyumbani na nguo zilizolowa ni mazoea ya kuachwa. Baya kuliko yote ni kuvuta mafuta kwa mdomo kupitia mpira. Tone likiingia mapafuni huleta uvimbe unaoweza kuua. Aliyemeza mafuta asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitalini mara moja.

Hatimaye mfanyakazi hufundishwa kuokoa. Moto wa petroli hauzimwi kwa ndoo ya maji, kwani mafuta huelea juu ya maji na kusambaza moto. Hutumika povu au unga maalumu. Aliyeungua hupozwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, wala hapakwi dawa ya meno au mafuta ya kupikia.

Kusoma namba ya lori

Kuna jambo moja ambalo hata mpita njia anaweza kujifunza leo. Malori ya shehena hatari hubeba kibao chenye namba ya kimataifa ya tarakimu nne. Namba 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1223 ni mafuta taa, 1267 ni mafuta ghafi, na 1075 ni gesi ya kupikia. Anayepiga simu kuripoti ajali na kuitaja namba hiyo huwasaidia wazima moto kujua wabebe nini.

Wapi pa kufunzwa

Kampuni ya Bomba la Mafuta nchini (KPC) ina Chuo cha Mafuta na Gesi cha Morendat, karibu na Naivasha. Taasisi ya Petroli ya Afrika Mashariki (PIEA) hutoa mafunzo kwa madereva na wahudumu. DOSHS huidhinisha wakufunzi wa huduma ya kwanza, usalama wa moto na kamati za usalama. Upande wa Uganda kuna Taasisi ya Petroli ya Kigumba, iliyoanzishwa 2009. Kijana anayetafuta kazi katika miradi ya Ziwa Albert au bomba la kwenda Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, athibitishe kwanza kwa waajiri na kwa taasisi yenyewe kwamba cheti anachouziwa kinatambuliwa, kabla ya kulipa hata shilingi.

Swali la siku ya kwanza

Mipakani kuna tatizo ambalo darasa peke yake haliwezi kulitatua. Bei ya mafuta inapopishana baina ya Kenya na Uganda, jerikani huanza kuvuka kwa njia za panya. Anayeibeba hana mwajiri, hana bima, wala hana mkaguzi. Hata hivyo mvuke wa petroli hautofautishi mafuta halali na ya magendo, na majirani zake hulala chini ya paa moja na hatari hiyo.

Kwa aliyeajiriwa, kuna maswali manne ya kuuliza siku ya kwanza kazini. Swichi ya kuzima pampu zote iko wapi? Kizima moto kiko wapi, na nani atanionyesha kukitumia? Nani amepewa mafunzo ya huduma ya kwanza katika zamu hii? Nikiona mafuta yakivuja, nina ruhusa ya kusimamisha kazi? Jibu la swali la nne limo katika sheria tangu 2007. Mwajiri asiyeweza kujibu yale matatu ya kwanza hajamwajiri mtu, amemweka rehani.