Bei ya Mwanga: Projekta Ilivyotoka Uwanjani Hadi Sebuleni

Katika miaka ya 1950, Jumapili jioni mjini Unguja, kijana mwenye baiskeli alikuwa na kazi iliyosubiriwa na mamia ya watu wasiomjua. Kopi ya filamu mpya kutoka Bombay ilikuwa moja, na majumba ya sinema yaliyoitaka yalikuwa zaidi ya moja. Basi jumba la kwanza lilianza mapema, la pili likachelewa kidogo, na kila rili iliyokwisha huku ilitiwa mkebeni na kukimbizwa kule. Futi 1,000 za mkanda wa milimita 35 humalizika kwa dakika 11 hivi. Kijana akipata pancha njiani, ukumbi mzima ulikaa gizani ukipiga miluzi.

Mkanda uliweza kugawanywa kwa njia hiyo. Taa haikugawanyika. Kila jumba lilihitaji mashine yake, fundi wake na umeme wake, na humo ndimo fedha za mwenye sinema zilimozama. Historia ya sinema huandikwa kwa majina ya waigizaji na waongozaji, lakini kwa watu wa Afrika Mashariki jambo lililoamua nani ataona picha, wapi, saa ngapi na pamoja na nani lilikuwa gharama ya kupata mwanga wenye nguvu. Anayesimama leo mbele ya duka la Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi akilinganisha projekta mbili anauliza swali walilouliza wenye majumba yale: mwanga kiasi gani, kwa bei gani, wa kutazamwa na watu wangapi.

Swali hilo ni kongwe kuliko filamu yenyewe. Mholanzi Christiaan Huygens alikwisha kuchora taa ya kurushia picha mwaka 1659, ikitumia kioo kilichochorwa, lenzi na moto mdogo nyuma yake. Kwa zaidi ya karne moja moto huo ulikuwa wa mshumaa au kandili, kwa hiyo picha ilikuwa ndogo na hafifu. Hata hivyo ilitosha kutikisa mioyo. Mwaka 1854 David Livingstone aliwasha taa ya aina hiyo katika mji wa mtawala Shinte, karibu na mpaka wa leo wa Zambia na Angola. Picha ya kwanza ilimwonyesha Ibrahimu akiwa ameinua kisu juu ya mwanawe. Livingstone alipokivuta kioo ili kukibadilisha, kisu kilionekana kusogea kuelekea kwa waliokaa mbele, na wanawake wakatimua mbio huku wakipiga kelele za kumwita mama. Mwenyewe alisimulia kisa hicho katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1857.

Ulaya ilitafuta moto mkali zaidi. Kwanza ilichomwa chokaa kwa gesi za oksijeni na haidrojeni mpaka ikang'aa. Kisha zikaja taa za vijiti viwili vya kaboni, ambamo umeme huruka kutoka kijiti hadi kijiti kwa mwanga mweupe usiotazamika kwa macho matupu. Ndugu Lumière walipowatoza watu kiingilio kuona picha zinazotembea jijini Paris, tarehe 28 Desemba 1895, lenzi na mkanda vilikuwa tayari, lakini taa ilibaki kuwa sehemu ya hatari kuliko zote. Mei 1897, katika soko la hisani liitwalo Bazar de la Charité jijini humo, taa ya projekta iliyotumia etha ilikuwa inajazwa mafuta, kiberiti kikawashwa karibu nayo, na zaidi ya watu 120 wakafa motoni. Mikanda nayo ilikuwa ya naitreti, kitu kinachowaka kama petroli. Ndiyo sababu majumba ya zamani yana kibanda cha mitambo chenye kuta nene na vidirisha vidogo vya kufungwa haraka.

Mambo hayo yote yalifika Zanzibar kwa meli. Mwanzoni mwa karne ya 20 mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla alikuwa akionyesha picha mjini kwa mitambo ya kuhamahama, kabla mji haujapata jumba la kudumu lenye hadhi. Mwaka 1921 likafunguliwa Royal, maeneo ya Vuga, kwa ramani ya J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza ambaye majengo yake bado yanaupa Mji Mkongwe sura yake. Royal liliungua miaka ya 1950, na pahala pake pakasimama Majestic, lililofunguliwa mwaka 1955. Humo watu wa Unguja walitazama filamu za Misri, za Hollywood na, kwa mapenzi makubwa zaidi, za Uhindi. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, iliimbwa mitaani na watu wasiojua neno la Kihindi.

Bara hali ilikuwa nyingine kabisa. Nje ya miji hakukuwa na umeme, hivyo aliyetaka kuonyesha picha alilazimika kubeba na umeme wake.

Mwaka 1935 kikundi kimoja kilifanya hivyo kwa mpango kamili. Jaribio la filamu za elimu kwa Wabantu, lililofadhiliwa na shirika la Carnegie la Marekani, liliweka makao Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Viongozi wake, L. A. Notcutt na G. C. Latham, walitengeneza filamu 35 katika muda usiofika miaka miwili, zikihusu minyoo, kodi, kilimo, na kuweka akiba posta. Sauti ilirekodiwa kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine, ili filamu moja isemeshwe lugha ya kila mahali ilipofika. Kisha lori likapakiwa jenereta, projekta, vipaza sauti na kitambaa cheupe, likaanza safari za kupita Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Projekta za milimita 16 za zama hizo zilitumia balbu za wati 750 au 1,000. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo iliishia kuwa joto, na kilichofika kwenye kitambaa kilikuwa lumeni (kipimo cha mwanga) mia chache tu. Kwa mwanga huo, wenye lori hawakuweza kuanza kabla jua halijazama kabisa, na usiku wa mbalamwezi ulikuwa adui yao. Lakini giza la kijiji lilikuwa msaada mkubwa. Mahali pasipo na taa hata moja, lumeni mia tatu ziliwatosha watu mia kadhaa waliokaa chini, watoto mbele, wazee kwenye vigoda, na wengine upande wa pili wa kitambaa wakiitazama picha kinyumenyume.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, serikali ya Uingereza iliunda kitengo cha filamu cha makoloni mwaka 1939, na magari ya sinema yakaongezeka. Mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata picha inayobadilika haraka, hivyo filamu zake zilitengenezwa taratibu, bila ufundi wa kamera. Imani hiyo ilikuwa dharau tupu. Miaka hiyohiyo, Waafrika wa Unguja na Dar es Salaam walikuwa wakifuata visa vya mapenzi, fitina na kisasi vya saa tatu, katika lugha wasiyoijua, na kutoka ukumbini wakibishana juu ya haki ya kila mhusika. Kilichokosekana kijijini kilikuwa umeme na projekta.

Watazamaji wa bara walithibitisha hilo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za Kiswahili zenye kisa na waigizaji wa hapahapa, na mojawapo, Muhogo Mchungu, ilimfanya mwigizaji wake mkuu ajulikane nchi nzima. Kijana huyo alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Wakati huo taa ilikuwa inabadilika tena. Vijiti vya kaboni viliteketea kadiri vilivyowaka, na fundi alipaswa kuvisogeza na kuvibadilisha usiku kucha katikati ya moshi. Kuanzia miaka ya 1950 viwanda vilianza kutoa taa za gesi ya zenoni, ambazo huwaka kwa nguvu ileile saa nyingi bila kuguswa. Katikati ya miaka ya 1960 Dar es Salaam ikapata sinema ya magari, Drive-in ya Msasani, ambako familia zilitazama zikiwa ndani ya gari, na vyakula vimetandazwa pembeni. Kiwambo cha ukubwa ule hula mwanga kwa pupa, kwa sababu ukizidisha upana wa picha mara mbili, eneo lake huongezeka mara nne, na mwanga unaohitajika huongezeka hivyohivyo. Kiwanja cha Drive-in leo kimekaliwa na ubalozi wa Marekani.

Majumba yalianza kudhoofika miaka ya 1980. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, na ingawa Tanzania Bara ilingoja hadi 1994 kupata vituo vyake, deki za video zilikuwa zimeshaingia majumbani zamani. Gharama ya mwanga ikaporomoka: televisheni moja, deki moja, mabenchi sita na ukuta wa mabati vikatosha kufungua kibanda cha video. Ndipo wakatokea wafasiri wa filamu, Lufufu jijini Dar es Salaam, VJ Jingo Kampala, DJ Afro nchini Kenya, wakiipa filamu ya Hong Kong utani na majina ya mitaani. Kazi yao ilifanana na ya watangazaji waliosimama kando ya magari ya sinema ya kikoloni wakieleza picha, isipokuwa sasa aliyeshika maikrofoni alisema la kwake. Hasara ilikuwa upande wa picha. Watu 50 walibanana mbele ya kioo cha inchi 21, na wa nyuma waliambulia sauti zaidi kuliko sura.

Projekta ya nyumbani ilikuwapo muda wote huo, ila kwa wachache. Kampuni ya Pathé ya Ufaransa ilitoa mashine ndogo ya milimita 9.5 mwaka 1922, Kodak ikafuata na milimita 16 mwaka 1923, halafu milimita 8 mwaka 1932. Mikanda hiyo haikuwa ya naitreti, kwa hiyo ilifaa sebuleni. Lakini mtu alipaswa kununua mkanda wa kila kipindi cha dakika chache, na mwanga wake ulimudu ukuta mdogo katika chumba kilichofungwa madirisha.

Mlango ulifunguka mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa njia mbili tofauti. Mwaka 1987 Larry Hornbeck wa Texas Instruments alibuni kidude chenye vioo vidogo visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kikigeuka maelfu ya mara kwa sekunde kuupeleka mwanga kwenye lenzi au kuutupa pembeni. Mwaka 1989 kampuni za Kijapani, zikiwemo Sharp na Epson, ziliingiza sokoni projekta za vioo vya fuwele za kimiminika, ambavyo huzuia mwanga au kuupitisha. Mkanda ukaondoka, ukabaki mwanga. Taa za zebaki zenye shinikizo kubwa zilitawala tangu miaka ya 1990, kisha zikaja balbu za LED na leza, zilizowezekana kwa mwanga wa buluu uliowapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Hivi leo mashine inayobebwa mkononi, isiyotumia hata wati 200, hutoa mwanga mwingi kuliko ile balbu ya wati 1,000 ya zama za lori la Vugiri.

Pamoja na unafuu huo umekuja udanganyifu, na unawaumiza hasa wenye kipato kidogo. Mwaka 1992 taasisi ya viwango ya Marekani, ANSI, iliweka njia ya kupima mwanga: picha hugawanywa sehemu tisa, kila moja hupimwa pale pale kwenye kiwambo, kisha wastani huzidishwa kwa eneo la picha nzima. Boksi linaloandikwa lumeni 9,000 bila kutaja kipimo mara nyingi linahesabu mwanga wa taa kabla haujapita kwenye lenzi, na kinachofika ukutani huenda kikawa lumeni 200 za ANSI. Maneno "inakubali 4K" nayo yana mtego wake. Yanamaanisha kwamba mashine inaweza kupokea picha ya kiwango hicho, na picha inayotoka huenda ikawa ya chini sana.

Mnunuzi mwenye kipimo sahihi anaweza kujipigia hesabu. Picha ya inchi 100 ina eneo la mita za mraba 2.75 hivi. Ndani ya chumba chenye giza, lumeni 500 za kweli zinatosha kwa filamu ya usiku. Sebule yenye taa zilizowashwa na mapazia mepesi inataka 2,000 au zaidi, na anayepanua picha hadi inchi 150 aongeze zaidi ya maradufu. Mpira wa saa kumi jioni barazani unabaki kazi ya televisheni. Uamuzi wa mwisho ni wa taa. Ya zebaki hudumu saa 4,000 hivi kabla ya kuhitaji nyingine, ambayo si rahisi kuipata madukani. Ya leza hutajwa kudumu saa 20,000. Kwa familia inayotazama saa mbili kila usiku, hiyo ya kwanza ni miaka mitano na nusu, na ya pili ni miaka 27, muda ambao projekta moja inaweza kukusanya watoto wa nyumba hiyo na wa majirani mpaka wawe na watoto wao.